Vita Vilivyoitwa Tukio

Kutukia ni kitenzi kisichomhitaji mtu. Jambo hutukia lenyewe; sarufi haikuulizi nani kalitenda wala nani kaumia. Kwa sababu hiyo nalionea shaka neno tukio kila ninapolikuta katika maandishi ya Kiswahili yanayoeleza usiku wa tarehe 18 Septemba 1931, ule uliozoeleka kuitwa Tukio la Manchuria au Tukio la Mukden. Usiku ule baruti ililipuka kwenye reli nje kidogo ya mji wa Mukden, ambao leo ni Shenyang, kaskazini mashariki mwa China. Walioitega ni maofisa wa Jeshi la Kwantung, yaani jeshi la Japani lililowekwa kuilinda reli hiyohiyo. Mlipuko ulikuwa hafifu kiasi kwamba treni ilipita mahali pale muda mfupi baadaye. Hata hivyo Wachina walibebeshwa lawama, na kabla hakujapambazuka kambi ya wanajeshi wao ilikuwa imekwisha kushambuliwa. Mpango ulikuwa wa Kanali Itagaki Seishirō na Luteni Kanali Ishiwara Kanji. Miezi michache baadaye Manchuria ilikuwa mikononi mwa jeshi hilo, na Machi 1932 ikatangazwa dola mpya ya Manchukuo, Puyi, mfalme wa mwisho wa China, akiwekwa kuwa mkuu wake.

Jambo ambalo waliolipanga wanajulikana kwa majina na vyeo halikutukia. Lilitendwa.

Neno hili tumelipata kupitia Kiingereza, lakini shina lake ni la Kijapani: jihen. Huandikwa kwa herufi mbili, ya kwanza ikiwa na maana ya jambo na ya pili badiliko la ghafla. Wachina wanazisoma herufi hizohizo shibian, nao pia wanauita usiku ule wa Septemba shibian, wakitanguliza tarakimu za tarehe yake: tisa, moja, nane. Hapo ndipo ugumu wa somo hili ulipo. Mvamizi na aliyevamiwa waliandika kwa herufi za asili moja, na maneno mengi ya kisasa ya siasa na vita yalikuwa mali yao wote wawili. Anayetaka kuieleza kwa Kiswahili habari ya kupanda kwa ukomunisti wa China na kuvimba kwa mabavu ya majeshi ya Japani hana budi kuliuliza kila neno limetoka kambi ipi na limepita mikono ya nani.

Risasi za usiku wa tarehe 7 Julai 1937 karibu na Daraja la Lugou, lile ambalo watu wa Magharibi huliita la Marco Polo, ni habari tofauti kidogo. Nani alifyatua ya kwanza halijathibitika hadi leo, na kwa usiku huo mmoja naweza kulivumilia neno tukio. Siwezi kulivumilia kwa yaliyofuata. Agosti mapigano yalifika Shanghai; Desemba ulianguka Nanjing, uliokuwa mji mkuu, na kwa wiki kadhaa raia na mateka wakauawa ovyo. Katikati ya hayo, tarehe 2 Septemba 1937, baraza la mawaziri la Japani lilikaa likabadili jina: lililokuwa Tukio la China Kaskazini likawa Tukio la China. Jina likapanuka kufuata ramani, lakini neno vita halikutamkwa. Sababu ilikuwa biashara. Sheria za Marekani za wakati ule zilikataza kuziuzia silaha nchi zilizo vitani, na Japani ilitegemea mafuta na vyuma chakavu vya Marekani. China nayo ilihitaji kununua nje, kwa hiyo serikali ya Chiang Kai-shek pia haikutangaza vita mpaka tarehe 9 Desemba 1941, baada ya Pearl Harbor kushambuliwa. Siku tatu baadaye baraza la mawaziri la Tokyo liliamua kwamba vita vyote, pamoja na lile Tukio la China, sasa viitwe Vita vya Asia Mashariki Kuu. Zaidi ya miaka minne ya kuuana ikapandishwa cheo kwa azimio la kikao kimoja.

Kiswahili kina neno lenye haki zaidi. Kuvamia kunamdai mvamizi. Uvamizi wa Manchuria, 1931. Uvamizi wa China, 1937: yeyote asomaye atauliza mara moja, nani kamvamia nani? Swali hilo ndilo jihen ilikusudiwa kulizima.

Kuna pengo la pili, kubwa zaidi. Ukomunisti tunalo jina. Lile lililosimama upande wa pili tunalizungukazunguka: utawala wa kijeshi, sera za kijeshi, siasa za mabavu. Utawala wa kijeshi si jina sahihi, maana Japani haikuwahi kutawaliwa na baraza la wanajeshi waliopindua serikali na kuifuta katiba. Bunge lilikaa, uchaguzi ulifanyika hata mwaka 1942 vita vikiendelea, na katiba ya 1889 haikuguswa. Wajapani huliita jambo lenyewe gunkoku shugi, itikadi ya dola la jeshi. Mimi napendekeza ujeshi, fupi na kavu, liketi pamoja na ubeberu na ubepari.

Najua pingamizi. Kiambishi u- hakina uwezo wa shugi ya Kijapani au zhuyi ya Kichina, ambazo hutangaza wazi kwamba hii ni imani iliyofundishwa. U- yetu hutaja itikadi, na papo hapo hutaja hali: ukomunisti, lakini pia uzee, umaskini, ugonjwa. Kwangu huo ndio ubora wake hapa. Ukomunisti wa China ulikuwa na siku ya kuzaliwa, kadi za uanachama na watu waliojiita kwa jina hilo bila kuficha. Ujeshi wa Japani haukuanzishwa na mkutano wowote. Ulikuja kama uzee ujavyo, na kila aliyeguswa nao alijiita mtumishi mwaminifu wa Mfalme.

Ulivyokuja unaweza kufuatwa kwa neno moja, tōsuiken, yaani haki ya amri kuu. Kifungu cha 11 cha katiba ya 1889 kilisema Mfalme ndiye amiri wa jeshi la nchi kavu na la majini. Maneno yalikuwa machache, na majenerali wakayasoma hivi: jeshi linawajibika kwa Mfalme peke yake, na waziri mkuu hana la kuliambia. Mwaka 1930 serikali ya Hamaguchi Osachi ilitia saini mkataba wa London wa kupunguza manowari. Wapinzani wakapiga kelele kwamba haki ya amri kuu imenajisiwa. Novemba mwaka huo Hamaguchi alipigwa risasi katika stesheni ya Tokyo, na jeraha likamuua mwaka uliofuata. Mei 1932 maofisa vijana wa jeshi la majini walimwua Waziri Mkuu Inukai Tsuyoshi nyumbani kwake. Mwaka 1936 ikarudishwa kanuni kwamba mawaziri wa majeshi lazima wawe majenerali na maadmirali walio kazini. Tangu hapo jeshi liliweza kuiangusha serikali kwa kukataa tu kuipa waziri.

Wajapani wenyewe walikuwa na neno la kale kwa kilichokuwa kikiendelea, gekokujō: wa chini kumshinda wa juu. Lilivuma zama za vita vya mabwana wa karne ya 15 na 16. Luteni aliwavuta makanali, makanali wakawavuta majenerali, majenerali wakaivuta nchi. Kiswahili kingesema kupindua, na hapo ndipo neno letu tulipendalo linapotutia mashakani.

Maana mapinduzi yetu ni mapana mno. Asubuhi ya tarehe 26 Februari 1936, kwenye theluji, maofisa vijana waliongoza askari zaidi ya 1,400 kuteka katikati ya Tokyo, wakamwua waziri wa fedha Takahashi Korekiyo na aliyewahi kuwa waziri mkuu Saitō Makoto. Kwa Kiswahili hilo ni jaribio la mapinduzi. Kilichofanywa na wakulima wa kaskazini mwa China miaka kumi baadaye, walipogawana mashamba, nacho ni mapinduzi. Vijana wale wa Tokyo wangekasirika kuambiwa hivyo. Neno lao lilikuwa ishin, lile la 1868 lililomrudisha Mfalme mbele ya taifa, kwa hiyo waliona wanarejesha, hawapindui. Wachina wana geming, herufi za kale zenye maana ya kuondolewa agizo la mbingu: ukoo wa kifalme umepoteza kibali cha kutawala. Na wakulima walikuwa na neno lao la kitandani na la shambani, fanshen, kugeuza mwili. Mtu aliyelala chini ya deni na kodi ya shamba anajigeuza, anaamka upande mwingine. Hili ndilo lililo karibu zaidi na shina la mapinduzi yetu. Ningelitafsiri kujipindua, na ningeiachia ile -ji- kazi yote, kwa kuwa makada wa chama walisisitiza kwamba mkulima asipinduliwe na mtu mwingine.

Nimetaja makada. Neno kada tumelizoea katika vyama vyetu, na safari yake ni ndefu. Asili ni Kifaransa, na kwa Wafaransa lilikuwa neno la kambini: kiunzi cha maofisa ambacho kikosi hujengwa juu yake. Wajapani wa karne ya 19, walipojifunza majeshi ya Ulaya, walilitafsiri kanbu. Wachina wakalichukua wakalisoma ganbu. Basi katika miaka ya 1930 herufi zilezile mbili katika kambi ya Japani zilimtaja ofisa na sajini wake, na katika mapango ya Yan'an, ngome ya Wakomunisti wa China, zilimtaja mtumishi wa Chama cha Kikomunisti. Kwetu neno limefika kwa njia nyingine, kupitia Kiingereza, likiwa limekwisha kuvua sare.

Hata jina la chama lilitoka Japani. Kyōsan, mali au uzalishaji wa pamoja, ni tafsiri ya Wajapani ya ukomunisti. Kichina kikalipokea kwa matamshi ya gongchan. Kōtoku Shūsui na Sakai Toshihiko walichapisha Ilani ya Kikomunisti kwa Kijapani mwaka 1904, na toleo hilo la gazeti lao likapigwa marufuku kwa sababu hiyo. Kōtoku alinyongwa mwaka 1911 kwa kesi ya njama ya kumwua Mfalme. Chen Wangdao, aliyesoma Japani, aliitoa ilani hiyo kamili kwa Kichina mwaka 1920, akitegemea sana ile ya Kijapani. Mwaka mmoja baadaye, Julai 1921, wajumbe kumi na wachache, wakiwakilisha wanachama wapatao 50, walikutana Shanghai kuunda chama. Polisi walipowashtukia walimalizia mkutano katika mashua ziwani Jiaxing. Japani kwenyewe chama cha namna hiyo kiliundwa mwaka 1922 na kikavunjwavunjwa na polisi. Sheria ya 1925 iliyokataza kuugusa kokutai, kiini cha dola chini ya Mfalme, ilitosha kuwajaza gerezani. Mwaka 1933 viongozi wawili, Sano Manabu na Nabeyama Sadachika, waliikana imani yao wakiwa kifungoni, na wengi wakafuata. Kitendo hicho kiliitwa tenkō, kugeuza mwelekeo.

Gongchan lina tabia moja ambayo ukomunisti wetu hauna. Mchina asiyejua kusoma alisikia ndani yake mali na pamoja. Aliyekuwa hana kitu alisikia ahadi. Maadui wa chama walisikia mwanya, wakaeneza uvumi kwamba baada ya mali kushirikiwa watashirikiwa na wake. Neno lililo wazi hubeba hatari hiyo, na ujamaa wetu, uliojengwa juu ya jamaa, uliwahi kuijua. Ukomunisti umefungwa, hakuna anayesikia chochote ndani yake ila ugeni, na pengine ndiyo sababu ulifaa sana kutisha watu.

Maneno ya kurudi nyuma yanastahili kukaliwa kidogo. Oktoba 1934 Jeshi Jekundu la Wakomunisti, likiwa limezingirwa Jiangxi na majeshi ya Chiang Kai-shek, lilivunja mzingo na kukimbia. Waliondoka watu wapatao 86,000. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1935, walifika Shaanxi kaskazini wachache, pengine 8,000 hivi. Safari hiyo tunaiita Matembezi Marefu. Kichina ni Changzheng, na zheng si kutembea: ni kwenda vitani, msafara wa jeshi linalokwenda kuadhibu. Matembezi ni neno la amani mno. Kichina kilizigeuza mbio hizo kuwa shambulio. Kiswahili chetu kimezigeuza kuwa mazoezi ya miguu. Msafara Mrefu ungekuwa karibu zaidi.

Februari 1943 makao makuu ya jeshi la Japani yalipowaondoa askari zaidi ya 10,000 kutoka kisiwa cha Guadalcanal, taarifa ilisema tenshin, kusonga mbele kwa upande mwingine. Mei mwaka huohuo kikosi cha Japani katika kisiwa cha Attu kiliangamia; kati ya watu zaidi ya 2,000, waliotekwa hai hawakufika 30. Neno lilikuwa gyokusai, kuvunjika kwa johari, kutoka kitabu cha kale cha Kichina kinachomsifu mtu achaguaye kuvunjika kama johari kuliko kubaki mzima kama kigae. Nimeyaweka pamoja maneno ya pande mbili, lakini siyaoni sawa. Changzheng lilitungwa kuwasimulia waliosalia walichovuka, na waliosalia wenyewe walilikubali. Gyokusai liliteuliwa Tokyo na watu wasiokuwapo, kwa ajili ya watu wasioweza tena kulikataa.

Neno gumu kuliko yote kulitafsiri ni sanguang. Agosti 1940 majeshi ya kikomunisti chini ya Peng Dehuai yalianza kuzihujumu reli na migodi ya kaskazini kwa vikosi zaidi ya mia. Jibu la Japani lilikuwa kuvifagia vijiji, na kuanzia 1941 Jenerali Okamura Yasuji ndiye aliyeongoza. Wachina waliuita mpango huo guang tatu: ua guang, choma guang, pora guang. Guang ni mwanga, na pia ni utupu, mahali palipokwisha kabisa. Kiswahili kinajaribu: kuua wote, kuchoma vyote, kupora vyote. Ngeli zetu zinatulazimisha hapo. Wote ni watu, vyote ni vitu, nasi hatuwezi kuvichanganya hata tukitaka. Katika Kichina ni herufi moja mara tatu, mtu na nyumba na gunia la mtama vikimalizwa kwa neno lilelile, na katika hilo Kichina kinasema kweli juu ya macho ya waliotekeleza, kweli ambayo sarufi yetu ya heshima inakataa kuisema. Nimejaribu kutafuta njia ya kuizunguka ngeli nikashindwa. Afadhali mfasiri aandike wote na vyote, kisha aeleze.

Ukali huo haukuukomesha ukomunisti. Wajapani walishika miji na reli. Serikali ya Kuomintang, chama cha Chiang, ilirudi nyuma mpaka Chongqing, mbali magharibi. Vijiji vya katikati vikabaki bila mwenyewe, na makada wakaingia wakiwa na punguzo la kodi za mashamba mkono mmoja na bunduki mkono wa pili. Mwaka 1937 chama kilikuwa na wanachama wapatao 40,000. Mwaka 1945 walikuwa kama milioni 1.2. Lakini chama kilikuwa kimejifunza kuficha kwa maneno pia. Kampeni ya Yan'an ya 1942 iliitwa zhengfeng, kurekebisha mwenendo, na mwaka uliofuata Kang Sheng, mkuu wa usalama wa chama, akaanzisha iliyoitwa ya kuwaokoa waliopotoka. Kuokolewa kulikuwa kuhojiwa mchana na usiku mpaka mtu akiri ujasusi alioufanya au asioufanya. Mwandishi Wang Shiwei, aliyeandika kwamba viongozi wanakula vizuri kuliko wengine, alifungwa, na mwaka 1947 akauawa. Sioni njia ya kuandika kuokoa hapo bila kumweleza msomaji nani alikuwa akimwokoa nani, na kutoka wapi.

Nirudi kwenye ujeshi, maana sisi tuna sababu ya kulihitaji. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi, na watu karibu 1,300 wakafa, wengi wao askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Mwaka huohuo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, Keya wetu, ilipigana katika bonde la Kabaw nchini Burma mpaka mto Chindwin. Kwa askari hao adui alikuwa Mjapani, basi. Hakukuwa na neno jingine, na aliye vitani hana haja nalo.

Yan'an walikuwa nalo. Kuanzia 1941 waliendesha shule ya mateka wa Kijapani, Nosaka Sanzō, mkomunisti wa Japani, akiiongoza, na somo la msingi lilikuwa kwamba watu wa Japani ni mmoja na ujeshi ni mwingine. Beijing iliendelea kuutumia mgawanyo huo, na mwaka 1972, ilipoafikiana na Tokyo kurejesha uhusiano, iliacha kudai fidia ya vita. Naupenda mgawanyo huo na nauogopa. Unamwondolea hatia mkulima wa Hokkaidō aliyeburutwa jeshini. Unawaondolea pia wahariri waliouza magazeti kwa habari za ushindi wa Manchuria, na umati uliokusanya saini kuwaombea huruma wauaji wa Inukai. Ujeshi usiwe jina la genge dogo la majenerali, wakati ile u- inatuambia ilikuwa hali ya nchi nzima.

Vita vilipokwisha kila upande ulichukua jina lake. Desemba 1945 Wamarekani waliokuwa wakiitawala Japani walikataza jina la Vita vya Asia Mashariki Kuu katika hati za serikali. Vita vya Pasifiki vikashika nafasi, jina lililoisahau China. Mwaka 1956 Tsurumi Shunsuke alipendekeza Vita vya Miaka Kumi na Mitano, akihesabu tangu 1931. China, iliyozoea kusema miaka minane ya upinzani, mwaka 2017 iliagiza vitabu vya shule viseme kumi na minne. Sisi tunaendelea kuandika 1939, mwaka wa Poland, ingawa Ethiopia ilivamiwa mwaka 1935.

Na vita vilivyofuata, kati ya Wakomunisti na Kuomintang, havikupata kamwe jina la pamoja. Mao, kiongozi wa Wakomunisti, aliviita vya ukombozi. Chiang aliviita vya kuzima uasi, na alipovuka bahari kwenda Taiwan mwaka 1949 akaenda na neno lake, likiwa sheria ya dharura iliyomweka rais juu ya mipaka ya katiba. Kisheria uasi huo uliendelea kuzimwa mpaka tarehe 1 Mei 1991, kwa tangazo la Rais Lee Teng-hui kwamba kipindi cha kuuzima kimekwisha.